Alama ya Lugha katika Kurasa za Wavuti: Historia ya Viwango vya HTML na CSS na Haki ya Msomaji Asiyeona wa Vitongoji, Pemba

Ikisiri

Insha hii inafuatilia historia ya kipengele kimoja kidogo cha HTML, yaani sifa inayotambulisha lugha ya matini, tangu Kiswahili kilipopewa msimbo wake wa kimataifa hadi miongozo ya ufikivu ya karne hii. Hoja kuu ni kwamba kufikia mwaka 2010 Kiswahili kilikuwa kimekwisha kupata nyenzo za kiufundi na ahadi za kisheria zilizohitajika ili mtu asiyeona wa kisiwani Pemba asomewe ukurasa kwa matamshi ya lugha yake. Pengo lililobaki halikutokana na upungufu wa teknolojia. Lilitokana na desturi ya kuandika kurasa na namna desturi hiyo inavyofundishwa. Vitongoji, katika Wilaya ya Chake Chake, inatumika kama mahali pa kupimia hoja hiyo.

1. Utangulizi

Vitongoji ni shehia iliyo mashariki ya mji wa Chake Chake, katika Mkoa wa Kusini Pemba, na inafahamika kisiwani kote kwa hospitali yake ya serikali. Jina lenyewe ni neno la kawaida la Kiswahili: wingi wa kitongoji, makazi madogo yaliyo pembeni mwa kijiji au mji. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayelitamka vibaya. Mashine hulitamka vibaya kwa urahisi sana.

Mashine inayokusudiwa hapa ni kisoma skrini, programu inayogeuza maandishi ya kompyuta au simu kuwa sauti, au kuyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu. Programu hii haijui lugha ya ukurasa kwa kuutazama kama tuutazamavyo sisi. Hutegemea alama iliyoandikwa mwanzoni mwa ukurasa. Alama ikisema lang="sw", na sauti ya Kiswahili ikiwa imewekwa katika kifaa, maneno husomwa kwa irabu tano za Kiswahili na mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Alama ikisema lang="en", maneno yaleyale husomwa kwa kanuni za Kiingereza.

Tuchukue mfano wa kubuni wa tangazo hili: «Kliniki ya macho itafanyika Vitongoji, Chake Chake, Jumatano saa 2:00 asubuhi.» Chini ya alama ya Kiingereza, Chake Chake hugeuka «Cheik Cheik», Jumatano haitambuliki, na tarakimu 2:00 husomwa kwa maneno ya Kiingereza. Hapa ndipo kosa linapoacha kuwa la kuchekesha. Saa mbili ya Kiingereza huhesabiwa kuanzia usiku wa manane au adhuhuri. Saa mbili asubuhi ya Mpemba huhesabiwa kuanzia alfajiri. Msikilizaji ambaye neno «asubuhi» limempita kwa kuharibika matamshi huenda akaelewa kuwa ni saa nane mchana, akafika kliniki ikiwa imekwisha fungwa. Tangazo halikuwa na kosa hata moja la tahajia, na aliyeliandika alilisoma kwa macho akaridhika nalo.

Swali la insha hii, kwa hiyo, ni la kihistoria: alama hiyo ilitoka wapi, Kiswahili kiliingizwaje ndani yake, na kwa nini mara nyingi haiandikwi inavyotakiwa?

2. Kiswahili na usanifishaji wa awamu mbili

Mtafiti wa Kiswahili anapotaja usanifishaji hukumbuka mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930. Usanifishaji huo ulikusudia maandishi ya vitabu na shule. Ulitaka mtoto wa Tanga na mtoto wa Wete wasome kitabu kimoja kwa tahajia moja. Faida yake inajulikana, na gharama yake pia: mzungumzaji wa Kipemba aliingia darasani akijifunza kuandika kwa lahaja isiyo ya nyumbani kwake.

Usanifishaji wa pili haukutajwa sana katika historia ya lugha, ingawa matokeo yake yamo katika kila kifaa. Mwaka 1988 kiwango cha kimataifa cha ISO 639 kilizipa lugha misimbo ya herufi mbili, na Kiswahili kikapewa sw. Mwaka 1995 wahandisi wa intaneti walichapisha waraka RFC 1766 ulioeleza namna ya kutumia misimbo hiyo kutambulisha lugha ya maandishi mtandaoni. Mwaka 2007 kiwango cha ISO 639-3 kiliitenga swh, Kiswahili cha pwani, na swc, Kiswahili cha Kongo, zote zikiwa chini ya swa. Kipemba kimo ndani ya swh, bila jina lake chenyewe.

Usanifishaji wa kwanza uliamua neno liandikweje; wa pili uliamua lugha iitweje mbele ya mashine. Wa kwanza ulisimamiwa na kamati, ukafuatwa na Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967 na baadaye Baraza la Kiswahili la Zanzibar. Wa pili haukupata mlezi wa namna hiyo katika Afrika Mashariki. Ndiyo maana mwandishi wa ukurasa aweza kuandika tz, ambao ni msimbo wa nchi, au ki, ambao ni msimbo wa Kikuyu, pasipo mtu wa kumsahihisha.

3. HTML, CSS na kutenganishwa kwa maana na sura

Tim Berners-Lee alitoa pendekezo la wavuti katika kituo cha CERN mwaka 1989. Mwaka 1994 liliundwa shirika la W3C ili kusimamia viwango vyake, na mwaka huohuo Håkon Wium Lie akapendekeza CSS, lugha ya kupangilia sura ya ukurasa. Toleo la kwanza la CSS lilipitishwa Desemba 1996.

Umuhimu wa CSS kwa msomaji asiyeona ni mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Kabla haijaenea, waandishi walipanga kurasa kwa majedwali na kukuza herufi ili zifanane na vichwa vya habari. Anayeona aliona kichwa. Kisoma skrini kilikuta herufi kubwa tu, bila kujua kuwa hapo sehemu mpya inaanza. Jedwali lililotumiwa kama kabati la kupangia picha na safu lilisomwa kisanduku kwa kisanduku, habari mbili zisizohusiana zikachanganyika. CSS iliwezesha mgawanyo wa kazi: HTML iseme kitu ni nini, yaani kichwa, aya, orodha, kiungo, CSS iseme kionekaneje. Aliyeandika h1 mahali pa kichwa alimpa msomaji asiyeona njia ya kuruka kutoka sehemu hadi sehemu, kama msomaji wa kitabu anavyopekua kurasa.

Sifa ya lugha iliingia katika wakati huohuo. Waraka RFC 2070 wa Januari 1997 ulipanua HTML ili ihudumie lugha za dunia nzima, na HTML 4.0 ya Desemba 1997 ikazipokea sifa mbili: lang, inayotaja lugha, na dir, inayotaja mwelekeo wa maandishi. Sifa ya pili nayo inatuhusu. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa karne kadhaa kabla ya herufi za Kirumi kutawala. Waraka RFC 4646 wa mwaka 2006 uliporuhusu aina ya hati itajwe pamoja na lugha, iliwezekana kuandika sw-Arab kwa utenzi wa hati za kale na sw-Latn kwa tafsiri yake ya herufi za Kirumi. Viwango vilikuwa vimeufikia urithi wetu hata katika sura yake ya zamani.

4. Kutoka kipaumbele cha tatu hadi daraja la kwanza

Aprili 1997 W3C ilianzisha mpango maalumu wa ufikivu wa wavuti, na tarehe 5 Mei 1999 ikatoa WCAG 1.0, miongozo ya kurasa zinazoweza kutumiwa na watu wenye ulemavu. Miongozo hiyo iligawa masharti katika vipaumbele vitatu. Sharti la kuonyesha mahali ambapo lugha inabadilika ndani ya matini liliwekwa katika kipaumbele cha kwanza. Sharti la kutaja lugha kuu ya ukurasa liliwekwa katika kipaumbele cha tatu, cha mwisho.

Mpangilio huo unastahili kutafakariwa. Kwa tafsiri ya insha hii, unaonyesha msomaji aliyekuwa akilini mwa waandishi: mtu ambaye kifaa chake tayari kinazungumza lugha ya ukurasa, na anayehitaji kutahadharishwa pale tu msemo wa kigeni unapojitokeza. Lugha kuu ilichukuliwa kuwa inajulikana. Kwa msomaji wa Kiingereza dhana hiyo haikuleta madhara. Kwa msomaji wa Kiswahili, ambaye mara nyingi kifaa chake kimeuzwa kikiwa kimepangwa kwa Kiingereza, lugha kuu ndiyo isiyojulikana kabisa.

WCAG 2.0, iliyotolewa tarehe 11 Desemba 2008, iliugeuza mpangilio huo. Lugha ya ukurasa ikawa sharti la daraja A, la chini kabisa ambalo hakuna ukurasa unaoweza kulikwepa ukadai kutimiza miongozo. Lugha ya sehemu za ukurasa ikawa daraja AA. Mwaka 2012 miongozo hiyo ikawa kiwango cha ISO/IEC 40500, na matoleo ya 2018 na 2023 yameyahifadhi masharti yote mawili. Badiliko la 2008 halikutajwa kuwa ushindi wa lugha za Afrika, lakini athari yake ilikuwa hiyo.

5. Pemba, 2004–2010

Katika miaka hiyohiyo mambo manne yalikutana. Kwanza, programu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa KiLinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Mwaka 2006 vijana wawili wasioona wa Australia, Michael Curran na James Teh, walianza kazi ya NVDA, kisoma skrini kisicholipiwa. Sauti inayokuja nayo, eSpeak, ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake.

Pili, sheria. Zanzibar ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu (Haki na Fursa) Na. 9 ya mwaka 2006. Desemba mwaka huo Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 9 inataja wazi intaneti. Tanzania iliuridhia Novemba 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikafuata upande wa Bara mwaka 2010.

Tatu, miongozo ya 2008 iliyokwisha elezwa. Nne, umeme. Hadi 2010 Pemba ilitegemea jenereta za dizeli za Wesha. Mwaka huo kebo iliyopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga iliunganisha kisiwa na gridi ya taifa.

Mpangilio huu wa tarehe una uzito katika hoja. Ni kawaida kusema kwamba kurasa za kwetu zina kasoro kwa sababu tulichelewa. Tarehe zinaonyesha kinyume. Aliyeanza kuandika kurasa kwa ajili ya Vitongoji baada ya 2010 hakuwa na majedwali ya zamani ya kubomoa. Alikuta msimbo wa lugha wenye umri wa miaka 22, sifa ya lang yenye umri wa miaka 13, kisoma skrini cha bure na sheria inayomtetea msomaji. Aliyechelewa alikuta njia imekwisha fyekwa.

6. Desturi na mafunzo

Kwa nini basi alama hukosekana? Sababu ya kwanza ni violezo. Waandishi wengi huanza na kiolezo kilichotengenezwa kwingine, ambacho mstari wake wa mwanzo husema lang="en". Maneno hubadilishwa yakawa ya Kiswahili. Mstari ule hauonekani kwenye skrini, basi hubaki. Sababu ya pili ni mazoea ya kuchapisha tangazo kama picha ya barua yenye saini na muhuri. Muhuri huthibitisha kwa anayeona. Kwa kisoma skrini picha isiyo na matini mbadala ni ukimya. Sababu ya tatu ni kwamba HTML hufundishwa kwa Kiingereza, kwa mifano ya Kiingereza, ambako alama ya en ni sahihi. Mwanafunzi hajawahi kuona mfano ambao alama hiyo ni kosa.

Yapo mapingamizi mawili. Inasemwa kwamba sauti za Kiswahili za mashine ni kavu. Ni kweli, lakini sauti kavu inayotamka «Jumatano» inaeleweka, na nzuri inayolivuruga neno haieleweki. Inasemwa pia kwamba watumiaji ni wachache. Hoja hii huzunguka: mtu asiyefahamu anachosomewa huacha kutumia, kisha uchache wake hutolewa kuwa sababu ya kutomhudumia.

7. Hitimisho

Historia ya alama ya lugha ni sehemu ya historia ya Kiswahili, kama ilivyo historia ya tahajia na kamusi. Istilahi za tovuti, kivinjari na kiungo zimekwisha tungwa. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kurasa zenye istilahi hizo zinajitambulisha kuwa za Kiswahili. Kazi hiyo yaweza kuanzia vyuoni. Hazina za tasnifu za Kiswahili nazo zina kurasa, na faili la PDF lina nafasi ya kutaja lugha kama ukurasa wa HTML ulivyo nayo. Watahini hukagua pambizo, nafasi za mistari na mpangilio wa vichwa kabla ya kuipokea tasnifu. Wakiongeza swali moja, kama faili limetajwa kuwa la Kiswahili, mtafiti asiyeona wa Vitongoji atasomewa utafiti unaohusu kisiwa chake, na jina la kijiji chake atalisikia kama anavyolitamka yeye.