Jiwe la Kibofu na Damu ya Mgonjwa wa Figo: Historia ya Majina ya Thioli

Mara nyingi jina hutangulia maarifa, na likishatua vitabuni ni shida kuling'oa. Jambo hili laonekana wazi katika historia ya thioli, yaani michanganyiko ya kikemia ambamo atomu ya salfa imeshikana na atomu ya haidrojeni. Leo thioli hupimwa katika damu ya watu ambao figo zao zimekaribia kuacha kazi. Lakini majina yake yalianza katika jiwe.

Mwaka 1810 William Hyde Wollaston, tabibu na mkemia wa London, alichunguza jiwe lililotoka katika kibofu cha mkojo. Kitu kile kiliyeyuka katika asidi na katika alkali pia, kama zifanyavyo baadhi ya oksidi za metali. Kwa hiyo akakiita oksidi ya kibofu. Mwaka 1833 Berzelius wa Sweden aliliondoa neno oksidi, akabakiza kibofu peke yake: sistini, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana hiyo. Salfa iliyomo ilikuwa haijatambuliwa bado. Basi kitu ambacho baadaye kilionekana katika nywele na protini nyingine za mwili kimebaki na jina la mahali kilipookotwa. Mwaka 1884 Eugen Baumann, Mjerumani, aliipasua sistini katika nusu mbili zilizo sawa, na kila nusu ilikuwa thioli. Akaiita sisteini.

Njia nyingine ya kutaja ilitokea Copenhagen. Mwaka 1834 W. C. Zeise alieleza kimiminika chenye harufu kali ambacho hushikana upesi na zebaki, akakiita merkaptani, yaani kishika-zebaki kwa Kilatini. Wollaston alitaja mahali. Zeise alitaja tendo. Mwaka 1921 F. G. Hopkins wa Cambridge alifuata njia ya tatu, ya kutaja ukoo: glutathioni, kwa kuwa ndani yake mna asidi ya glutamiki na salfa. Alidhani kwamba imeundwa kwa asidi-amino mbili. Mwaka 1929 ikathibitika kuwa ni tatu. Jina halikubadilishwa.

Kazi ya thioli yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Thioli mbili zikinyang'anywa haidrojeni zao, salfa zake hushikana na kuwa disulfidi. Hivyo ndivyo sisteini mbili zinavyokuwa sistini. Wakemia huita tendo hilo kuoksidishwa, ijapokuwa hapana oksijeni iliyoingia katika kiungo hicho. Tena tendo hilo laweza kurudishwa nyuma. Katika majimaji ya damu sehemu kubwa ya thioli imo katika albumini, protini ile ile ambayo Richard Bright wa Guy's Hospital, mwaka 1827, alihusisha kuonekana kwake katika mkojo na ugonjwa wa figo. Figo zinapozidi kuharibika, thioli huru za albumini hupungua na zilizooksidishwa huongezeka. Kusafishwa damu kwa mashine hurudisha sehemu tu ya mizani hiyo. Upimaji wake ulirahisishwa na kemikali aliyoieleza George Ellman mwaka 1959. Na mwaka 2014 wataalamu wa Uturuki walitangaza njia ya kupima thioli na disulfidi kwa pamoja.

Hali ya mizani kuelekea upande wa uoksidishaji ilipata umaarufu kwa jina la Kiingereza ambalo Helmut Sies alilipa kitabu chake cha mwaka 1985. Nalo lilitumia neno la mkazo, linalotajwa kwa chuma kilichobebeshwa mzigo na kwa mtu mwenye wasiwasi. Jina hilo lavutia mtu kudhani kwamba dawa ni kuuondoa mkazo tu. Mambo hayakuwa mepesi hivyo. Bardoksoloni, dawa ya kuamsha kinga ya chembe dhidi ya uoksidishaji, ilijaribiwa kwa wagonjwa 2,185 wenye kisukari na maradhi ya figo yaliyokwisha pevuka. Mwaka 2012 jaribio lilisimamishwa, kwa kuwa walioipata walipatwa zaidi na udhaifu wa moyo.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia. Tukio hili likiitwa shinikizo, mgonjwa wa figo atasikia shinikizo la damu, ambalo huenda analo tayari. Likiitwa msongo, atasikia msongo wa mawazo, naye atadhani anaambiwa aache kuhuzunika. Likiitwa kutu, atadhani oksijeni imeila damu yake na kwamba hapana kurudi nyuma. Kila moja la majina hayo lafaa katika makala, na kila moja lapotosha kitandani pa mgonjwa.

Kitenzi kuelemea chafaa zaidi. Chombo huelemea upande mmoja shehena isipopangwa sawa; hakijazama, na chaweza kusawazishwa, lakini si kwa kutupa baharini chochote kilicho karibu. Kusema kwamba damu imeelemea upande wa uoksidishaji ni kutaja tendo, kama alivyofanya Zeise, wala si kutaja dhana. Majina ya Ulaya yalidumu pamoja na makosa yake kwa sababu yaliyaandika vitabu kabla ya ukweli kufika. Wanaounda istilahi za Kiswahili leo wanao ukweli huo mkononi kabla ya kulichagua jina.