Kundi la familia nyingi

Kundi la familia nyingi ni tiba inayowakalisha pamoja vijana kadhaa wenye dalili za awali za saikosisi, wazazi au walezi wao na wawezeshaji wawili, kila baada ya wiki mbili, ili wajifunze stadi za kuishi na dalili hizo kabla hazijakomaa. Iliasisiwa na William McFarlane, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, ambaye mwanzoni aliitumia kwa watu waliokwisha kupata skizofrenia. Mwaka 2000 alianzisha mradi wa PIER mjini Portland, jimbo la Maine, akaielekeza tiba hiyo kwa vijana ambao ugonjwa ulikuwa bado haujawafika. Walimu, washauri wa shule na madaktari wa eneo hilo walifundishwa kuzitambua dalili na kuita msaada mapema.

Mwenye saikosisi hupotewa na mpaka kati ya yaliyopo na yanayozaliwa akilini mwake: husikia sauti wasizozisikia wengine, au hushikilia kwamba anafuatwa ingawa hakuna anayemfuata. Kwa wengi hali hii hutanguliwa na miezi, pengine miaka, ya mabadiliko madogo madogo. Usingizi unaharibika, marafiki wanaachwa, masomo yanashuka, binti anasikia akiitwa jina na nyumbani hakuna mtu. Lakini katika kipindi hiki kijana bado hana hakika. Anajiuliza, "Au ni mawazo yangu tu?" Shaka hiyo ndiyo mtaji wa tiba nzima, na stadi zinazofundishwa kundini zina kazi ya kuilinda isizimike.

Kuwa hatarini si kuugua, na hili halina budi kurudiwa mbele ya kila mzazi. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba, kati ya waliotambuliwa kuwa hatarini, takriban asilimia 36 walipata saikosisi ndani ya miaka 3. Tafiti za baadaye zimekuta idadi ndogo zaidi. Yaani walio wengi hawafiki huko. Kumwita kijana wa namna hii kichaa ni kumdhulumu, tena ni kumfunga mdomo siku anapohitaji kusema.

Familia huingizwa kwa sababu ya jambo lililoonekana London tangu miaka ya 1950, George Brown alipofuatilia wagonjwa waliotoka hospitali: waliorudi kwenye nyumba zenye lawama nyingi waliugua tena mara nyingi zaidi. Si kwamba wazazi ndio chanzo cha ugonjwa. Ni kwamba akili iliyo katika hali hii huelemewa upesi na kelele na ukali. Kabla ya vikao, familia huhudhuria mafunzo ya siku nzima na kupewa miongozo ya nyumbani: semeni taratibu, kwa sentensi fupi, mpeni nafasi ya kukaa peke yake, punguzeni matarajio kwa muda.

Mpango huu wa PIER ulijaribiwa katika maeneo 6 ya Marekani kwa vijana 337 wa miaka 12 hadi 25, na waliopewa tiba walipata nafuu kubwa zaidi. Hata hivyo hawakugawanywa kwa kura. Waliolinganishwa nao walikuwa wenye dalili hafifu, hivyo ushahidi huo una mipaka yake. Nchini Kenya, Daniel Mamah na David Ndetei wamewachunguza vijana wa shule huko Machakos na kukuta dalili za aina hii huko pia.

Kikao huchukua dakika 90. Dakika 15 za mwanzo ni za soga: mpira, theluji, filamu. Mgeni anaweza kudhani muda unapotea bure. Kwa kijana aliyejifungia chumbani wiki nyingi, kuitikia mazungumzo ya kawaida ni stadi ya kwanza, na pengine ngumu kuliko zote. Hufuata dakika 20 za kila familia kueleza ilivyoshinda, 5 za kuchagua tatizo moja, 45 za kulitafutia njia, na 5 za soga tena.

Tuchukue mfano wa mvulana wa miaka 15 aliyeacha kupanda basi la shule kwa kuwa, wenzake wakicheka, huona wanamcheka yeye. Mwezeshaji habishani naye. Analipunguza tatizo mpaka lishikike: afanye nini ili afike shuleni Jumatatu? Kila mtu hutoa pendekezo, nayo yote huandikwa ubaoni bila kukosolewa: baba ampeleke kwa gari; akae nyuma ya dereva; apande na rafiki; ahame shule; aangalie ni mara ngapi kicheko kimeanza kabla hajaingia. Hilo la mwisho likitoka kwa kijana mwenzake, lina uzito ambao mtaalamu hawezi kuupa. Ndipo faida na hasara za kila moja hupimwa, na mvulana mwenyewe huchagua. Mama naye hupewa lake: jioni asimhoji, angoje asimuliwe.

Kikao kinachofuata, zamu yake ikifika, huulizwa ilikuwaje. Akiwa amepanda basi siku 2 tu, kundi huanza na hizo 2.