Cannae 216 KK: Jinsi Hannibal alivyolizingira jeshi kubwa kuliko lake

Tarehe 2 Agosti mwaka 216 kabla ya Kristo (KK), Roma ilipanga uwanjani jeshi kubwa kuliko lolote iliyowahi kulikusanya hadi siku hiyo. Mwanahistoria Polybius anataja askari wa miguu wapatao 80,000 na wapanda farasi zaidi ya 6,000. Mbele yao alisimama Hannibal wa Karthago, mji uliokuwa pwani ya Tunisia ya leo, akiwa na askari wa miguu kama 40,000 na wapanda farasi 10,000. Jioni ilipofika, jeshi la Roma lilikuwa limekwisha.

Mahali penyewe ni Cannae, kusini mwa Italia, kando ya mto Aufidus. Hannibal alikuwa ameteka ghala la nafaka la Warumi pale, akijua hawatakubali kulipoteza kimya kimya.

Kuelewa kilichotokea, anza na jinsi Warumi walivyokuwa wakipigana. Kikosi chao kikubwa kiliitwa lejioni, chenye watu wapatao 4,200. Hawakusimama kama ukuta mmoja. Waligawanywa katika vikosi vidogo vilivyoitwa manipulo, na kati ya kimoja na kingine paliachwa uwazi. Vijana 1,200 wenye silaha nyepesi walitangulia, wakarusha mikuki na kurudi nyuma. Kisha wakaja hastati 1,200, nyuma yao principes 1,200 waliokuwa wazoefu zaidi, na mwisho triarii 600, watu wazima wa kazi. Safu ya mbele ikichoka, inarudi kupitia ule uwazi na ya nyuma inaingia ikiwa na nguvu mpya. Yaani uwazi ule ndio uliokuwa siri ya mfumo mzima.

Sasa, siku ya Cannae Warumi waliubana wenyewe. Walikuwa na lejioni nane, kila moja ikiwa imeongezwa hadi watu kama 5,000, pamoja na washirika wao. Manipulo zikasogezwa karibu karibu, zikapangwa kwa kina kirefu kuliko upana wake. Hawakuwa wajinga. Miaka miwili nyuma, kwenye vita vya Trebia, Warumi kama 10,000 walipasua katikati ya jeshi la Hannibal wakatoka salama. Safari hii walitaka kupasua kwa uzito wa watu wengi zaidi, ambao wengi wao walikuwa wageni wa vita.

Hannibal alilijua hilo. Katikati aliweka Wagalia na Wahispania, wakajitokeza mbele kwa umbo la hilali huku yeye na mdogo wake Mago wakiwa nao pale pale. Pembeni, kulia na kushoto, aliweka askari wake wa miguu bora kutoka Afrika, wakiwa wamevaa silaha walizowavua Warumi kwenye vita vilivyopita. Hao waliambiwa wasubiri.

Warumi wakasukuma. Hilali ikabonyea, ikanyooka, mwisho ikaingia ndani kama mfuko. Kila Mrumi aliyeona wenzake wanasonga mbele alijisogeza kuelekea katikati, msongamano ukazidi. Hapo ndipo Waafrika wa pembeni walipogeuka, wa kulia kushoto na wa kushoto kulia, wakawabana kutoka pande zote mbili.

Mlango wa nyuma ulifungwa na farasi. Hasdrubal (si ndugu yake Hannibal, ni kamanda mwingine mwenye jina hilo) aliwafagia wapanda farasi wa Roma kando ya mto, akazunguka hadi upande wa pili na kuwatimua wapanda farasi wa washirika, waliokuwa wakishughulishwa na Wanumidia, mafundi wa kupanda farasi bila hatamu kutoka Algeria ya leo. Angeweza kuwafukuza waliokimbia na kutafuta ngawira, kama wapanda farasi wengi walivyozoea. Aliwaachia Wanumidia kazi hiyo, akawapiga Warumi mgongoni.

Kuanzia hapo idadi kubwa ikawa mzigo. Walio katikati ya kundi hawakumfikia adui wala hawakuwa na pa kurudi. Polybius anasema walikufa karibu 70,000, Livy anasema kama 48,000. Konsuli Aemilius Paullus alikuwa miongoni mwao. Mwenzake, Terentius Varro, alitoroka, na lawama zote zikamwangukia yeye kwa kuwa amri ilikuwa yake siku hiyo. Lakini msomaji akumbuke kwamba Polybius alikuwa rafiki wa ukoo wa Paullus.

Roma haikuomba amani. Ilikataa hata kuwakomboa mateka wake, ikaandikisha watumwa jeshini, na waliopona Cannae ikawapeleka Sisilia kama adhabu, wasirudi Italia mpaka vita viishe. Maofisa vijana hawakuguswa sana, na mmoja wao alikuwa Publius Scipio.

Miaka kumi na zaidi baadaye Scipio alifika Sisilia akiwa kamanda. Wale walioadhibiwa akawachukua, akavuka nao hadi Afrika. Mwaka 202 KK, huko Zama, aliacha uwazi mpana kati ya manipulo zake, tembo wa Hannibal wakapita humo bila kuvunja safu. Wanumidia wengi safari hii walikuwa upande wa Roma, chini ya mfalme Masinissa. Askari wa miguu walipokuwa wameshikana, yeye na Laelius walirudi na farasi wao, wakampiga Hannibal kutoka nyuma.