Eneo Lililokaa Bure: Somo la Ikolojia na Historia ya Ardhi Yetu



Wale tuliomaliza kidato cha sita mwaka 2001 hatujakisahau kichaka kilicho nyuma ya bweni la mwisho. Huko ndiko tulikokata fagio, ndiko tulikojificha wakati wa mbio za asubuhi, na ndiko mwalimu wa zamu alikotukuta. Katika mkutano wetu wa mwaka jana ulitolewa ushauri kwamba kichaka hicho kifyekwe ili pajengwe ukumbi, kwa kuwa eneo lile limekaa bure. Maneno hayo yalinichoma, maana niliwahi kuyaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Naomba nieleze.

Nilipoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2002, nilidhani utangulizi wa ikolojia ni somo la kupumzikia. Tuliambiwa kwamba neno lenyewe lilibuniwa mwaka 1866 na Mjerumani Ernst Haeckel kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyumba. Tukaambiwa pia kwamba mwaka 1935 Mwingereza Arthur Tansley alileta wazo la mfumo ikolojia, yaani viumbe pamoja na udongo, maji na hewa vinamoishi, vyote vikihesabiwa kuwa kitu kimoja. Niliandika, nikakariri, nikafaulu jaribio. Maana yake sikuishika.

Kilichonifungua macho ni safari ya msitu wa Pugu. Tulipewa fremu ya mbao yenye mita moja kila upande, tukaambiwa tuilaze chini na kuhesabu kila mmea uliomo. Mahali ambapo mimi niliona majani tu, tulihesabu aina zaidi ya kumi, na vichipukizi vya miti vikitoka kwenye visiki vilivyokatwa zamani. Mhadhiri wetu akatuuliza, "Hapa palifanywa nini kabla yenu?" Hakuna aliyejibu.

Swali hilo lilinirudisha nyumbani, Usukumani, kwa njia ya maktaba. Nilisoma kitabu cha Helge Kjekshus, aliyewahi kufundisha pale Mlimani, kilichotolewa mwaka 1977. Yeye anadai kwamba kabla ya ukoloni wenyeji wa nchi hizi walikuwa wameyatawala mazingira yao kwa jembe, kwa moto na kwa mifugo, na kwamba utawala huo ulivunjika miaka ya 1890. Sotoka, iliyoingia Afrika kupitia pembe ya kaskazini-mashariki mwishoni mwa miaka ya 1880, iliteketeza ng'ombe kutoka Umasai hadi kusini mwa bara. Ikafuatwa na njaa, ndui na vita. Watu walipopungua na ng'ombe wakaisha, vichaka viliyafunga mashamba, wanyama pori wakarudi, na mbung'o akaja pamoja nao, akileta nagana kwa mifugo na malale kwa watu. Wageni waliokuja baadaye waliliona pori hilo wakadhani ndivyo nchi ilivyokuwa tangu kuumbwa.

Baada yao ikaja dawa. Chini ya utawala wa Waingereza, Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mbung'o, ukiongozwa na C.F.M. Swynnerton hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Maelfu ya Wasukuma walifyeka miti ili mbung'o akose kivuli. Mbung'o alirudi nyuma kweli, na ng'ombe wakaongezeka. Lakini shoka halikupumzika. Pamba ilitaka mashamba, mifugo ilitaka malisho, na meko yalitaka kuni. Kisha katika miaka ya 1970 watu walipohamishiwa vijijini, wengi waliziacha ngitili zao mbali nao, zikakosa mlinzi. Ilipofika miaka ya 1980 sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa upara mtupu.

Kwa vijana wasiotoka kwetu, ngitili ni eneo ambalo Msukuma hulifunga mvua zinapoanza, ng'ombe asiingie, ili majani yasimame mpaka kiangazi. Hufunguliwa malisho mengine yakiisha, kwa ajili ya ndama, ng'ombe wa kulimia na walio dhaifu.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Mwezi wa pili mwaka 2007, nikiwa afisa mpya katika wilaya moja, nilitumwa kuorodhesha ardhi ya kuwagawia vijana waliohitaji mashamba. Nikalikuta eneo lenye majani marefu na migunga, hamna jembe wala mfugo ndani yake. Nikaandika, "Eneo limekaa bure." Taarifa ikapita.

Nilirudi mwezi wa tisa kuonyesha mipaka. Nje ya eneo lile vumbi lilikuwa likitimka. Ndani ndama walikuwa wakilisha. Mzee mmoja alinikaribisha kivulini, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, ulikuja chakula kikiwa jikoni, ukaenda kutangaza kwamba nyumba hii haina chakula." Nilikuwa na shahada, lakini lile swali la Pugu sikumwuliza mtu yeyote.

Nilikwenda kwa mkubwa wangu nikaomba taarifa ifutwe. Nilikaripiwa, na ilikuwa haki yangu. Lililo gumu zaidi ni kwamba vijana wale walikuwa wamekwisha kuahidiwa, na haja yao ya mashamba ilikuwa ya kweli. Wako ambao mpaka leo hawanisalimii.

Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya niisome kwa makini habari ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, mpango ulioanzishwa na serikali mwaka 1986. Mwanzoni nguvu ziliwekwa kwenye vitalu na miche. Baadaye ikaonekana kwamba njia nafuu ni ile ya wazee: kufunga ardhi na kuisubiri. Chini ya upara ule mizizi na mbegu zilikuwa bado hai, na miti ikachipua yenyewe. Mkutano wa wenyeji, dagashida, uliweka sheria, na sungusungu wakazisimamia. Ngitili zilizohesabiwa kuwa hekta 600 hivi mwaka 1986 zilizidi hekta 300,000 kabla ya miaka 20 kupita. Mwaka 2002 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Mwaka huo huo mimi nilikuwa Mlimani nikikariri majina ya Wazungu, wala sikujua.

Sisemi kwamba ngitili imemaliza kila tatizo. Mwenye ardhi kubwa hufaidi zaidi kuliko mwenye ndogo, na ng'ombe na watu bado wanaongezeka. Ninachosema ni kwamba ardhi ina historia, na anayepanga matumizi yake hana budi kuiuliza kwanza.

Kwa hiyo, ndugu zangu, siupingi ukumbi. Naiomba kamati ifanye jambo moja kabla ya kuleta panga: wanafunzi wa kidato cha tano wanaosoma baiolojia na jiografia wapewe fremu za mbao, wahesabu vilivyomo katika kichaka kile mara mbili, masika na kiangazi. Wawaulize pia wazee wa kijiji jirani palikuwa na nini hapo kabla ya shule. Fremu nitazichonga mimi, na nauli nitajilipia. Wakituletea majibu, ndipo tukae tuamue pamoja mahali pa kujenga.