Kumfuga samaki wa dhahabu katika joto la Pwani

Samaki wa dhahabu ni kiumbe mvumilivu, na uvumilivu huo ndio unaomponza. Humwona akiogelea ndani ya bakuli dogo la kioo juu ya meza ya sebule, ukadhani yu buheri wa afya, kumbe anapumua kwa taabu. Wengi hufa kabla ya mwezi kwisha, na mwenyewe akasema samaki hawa hawana maisha marefu. Si kweli. Huko Uingereza samaki wa aina hii aliyeitwa Tish, aliyepatikana kwenye maonyesho mwaka wa 1956, aliishi miaka 43 hadi alipofariki mwaka wa 1999.

Asili yake ni Uchina, ambako wafugaji wa zamani walichagua samaki wa maji baridi waliokuwa na rangi nyekundu na ya manjano na kuwazalisha kwa karne nyingi. Hapa ndipo penye tatizo kwa mkazi wa Mwakirunge, Kisauni, au kwingineko kando ya Bahari Hindi. Samaki huyu hustawi katika maji ya nyuzi 18 hadi 22 hivi, ilhali hewa ya Mombasa hupita nyuzi 30 mchana, hasa wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Ndani ya chumba cha mabati maji hupata joto zaidi.

Maji yakipata joto, hewa ya oksijeni hupungua. Katika nyuzi 20 lita moja ya maji safi huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Katika nyuzi 30 hubeba 7 na nusu. Wakati huo huo mwili wa samaki huenda mbio, akahitaji hewa nyingi kuliko awali na kutoa uchafu zaidi. Uchafu wenyewe hutoka kama amonia, ambayo ni sumu. Joto likipanda kutoka nyuzi 20 hadi 30, sehemu ya amonia iliyo hatari kwa samaki huongezeka karibu maradufu, na huwa kali zaidi katika maji yenye magadi, kama yale ya visima vingi vya Pwani vilivyochimbwa katika mwamba wa matumbawe. Basi ushauri wa vitabu vya Ulaya, ambako wafugaji huhofia barafu, hautoshi kwetu.

Bakuli la duara halifai kabisa. Uso wake unaokutana na hewa ni mdogo na maji yake hupata joto upesi. Mji wa Monza nchini Italia ulilipiga marufuku mwaka wa 2004, na Rome ikafuata mwaka wa 2005. Chagua tangi pana badala ya refu. Kipimo kinachotumiwa na wafugaji wengi ni lita 75 kwa samaki wa kwanza mwenye mkia wa mapambo, na lita 40 kwa kila anayeongezwa. Hiyo ni karibu mitungi minne ya lita 20. Yule wa kawaida mwenye mkia mmoja huweza kufikia sentimita 30, kwa hivyo anastahili kidimbwi uani, chini ya kivuli cha mwembe au paa la makuti. Ukitumia pipa kuukuu, hakikisha halikuwahi kubeba dawa, mafuta wala sabuni. Plastiki hunyonya kemikali na kuzirejesha majini polepole, hata baada ya kuoshwa mara kumi.

Suala la maji lahitaji hesabu ya mapema. Mombasa hutegemea maji yatokayo nje ya kaunti: Mzima, Baricho, Marere na Tiwi. Mifereji inapokauka, kila mtungi hununuliwa. Samaki mmoja katika lita 75 atahitaji robo ya maji hayo kubadilishwa kila wiki, yaani takriban mtungi mmoja. Familia isiyoweza kuuachilia mtungi huo ni heri isianze. Maji yanayotolewa yasimwagwe bure. Yana mbolea, na sukuma au mchicha utayafurahia.

Maji ya mfereji yana klorini, ambayo huunguza mashavu ya samaki. Yaache ndani ya ndoo kwa muda wa saa 24 ili klorini itoke, lakini funika kwa kitambaa chepesi. Mombasa imekumbwa na milipuko ya homa ya dengi, ukiwemo wa mwaka wa 2013, na mbu anayeieneza hutaga katika maji yaliyotulia kama hayo. Ndani ya tangi hakuna hofu, kwani samaki wa dhahabu hula viluwiluwi vya mbu kwa uroho. Maji ya kisima yaonje kwanza: yakiwa na chumvi, yachanganye na ya mvua. Kumbuka pia kuwa maji yakikauka kwa jua chumvi hubaki, hivyo kujaliza tu hakutoshi.

Chujio ni la lazima, si kwa sababu ya kunasa takataka pekee, bali kwa sababu ndani ya sifongo chake huishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuenea. Anayenunua tangi na samaki siku moja hujitafutia msiba. Usiuoshe sifongo kwa maji ya mfereji. Usuuze kwa maji yaliyotoka tangini. Umeme ukipotea, washa pampu ya hewa ya betri, au chota maji kwa kikombe na kuyamimina tena kutoka juu.

Kuhusu chakula, samaki huyu hana tumbo la kuhifadhi mlo, nayo njaa yake haina kikomo. Mpe kiasi anachokimaliza kwa dakika mbili. Njegere zilizochemshwa na kumenywa zinamfaa. Makombo ya chapati na ugali huoza na kuchafua maji.

Akianza kuvuta hewa juu ya maji, mapezi yakimbana au akilala chini, badilisha maji kabla ya kukimbilia dawa. Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi ni vimelea. Gramu 2 hadi 3 za chumvi kwa lita husaidia, na hewa iongezwe.

Anayeishi katika chumba chenye joto lisilopungua, kwa maoni yetu, afuge gapi, samaki mdogo wa Amerika Kusini aliyezoea maji ya vuguvugu. Na anayechoka na samaki wa dhahabu ampe mfugaji mwingine, asimwachilie mtoni wala bwawani. Mnamo Julai 2021 mji wa Burnsville, Marekani, uliwaonya wakazi baada ya samaki waliotupwa ziwani kunenepa kupita kiasi na kuyachafua maji kwa kufukua matope.