Miguu ya Farasi Iliyowaumbua Wachoraji

Wachoraji wa Ulaya walikuwa na namna yao ya kuchora farasi anayekwenda shoti: miguu ya mbele imenyooshwa mbele, ya nyuma imetupwa nyuma, tumbo karibu liguse majani. Ndivyo Théodore Géricault alivyowachora farasi wa mashindano ya Epsom mwaka 1821, katika mchoro uliopo Louvre, Paris. Wanne wote wanaelea. Nani angebisha, wakati jicho la binadamu haliwahi kuifuata miguu hiyo?

Kamera nayo ilianza ikiwa nzito mno kuamua ugomvi wa namna hiyo. Louis Daguerre alipopiga picha ya Boulevard du Temple, Paris, mwaka 1838, bamba lake lilihitaji dakika kadhaa za mwanga. Magari ya farasi yalipita bila kuacha alama. Anayeonekana wazi ni bwana mmoja aliyetulia akipigiwa viatu rangi. Kwa hiyo wa kwanza kukosa riziki walikuwa wachoraji wa sura, hasa wale wa vijipicha vya kuvaa shingoni. Wengi wao waliishia kufungua studio za kupiga picha. Waliochora vita na mbio za farasi waliendelea na kazi kama kawaida.

Zamu yao ilifika Juni 1878. Leland Stanford, tajiri wa reli na gavana wa zamani wa California, alimgharamia Mwingereza Eadweard Muybridge afanye majaribio kwenye shamba lake la Palo Alto. Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia, akasimamisha ukuta mweupe ng'ambo, kisha akatega nyuzi njiani. Farasi jike Sallie Gardner alipopita shoti, kila uzi alioukata ulifyatua kamera yake. Ikaonekana kwamba farasi huiacha ardhi kwa miguu yote minne kweli, ila wakati huo miguu huwa imekunjwa chini ya tumbo. Ule mkao wa kunyooka mbele na nyuma, mazoea ya miaka mingi, haukuwamo.

Huko Paris, pigo lilimfika Ernest Meissonier, bingwa wa kuchora farasi. Wala hakuwa mzembe: aliwahi kutandika reli ndogo kwenye eneo lake ili asukumwe kwenye kitoroli sambamba na farasi, akichunguza hatua zake. Angeweza kununa. Badala yake, mwaka 1881 alimkaribisha Muybridge nyumbani na kuwaita wasanii wenzake waje waone, na alipomchora Stanford mwaka huohuo akakiweka kitabu cha picha hizo mezani pembeni yake. Uungwana wa aina hiyo ni adimu kwa fundi aliyeumbuliwa.

Kule Philadelphia, Thomas Eakins aliamua kuifuata kamera. Katika mchoro wake wa gari la farasi wanne la Fairman Rogers, wa 1879–80, alihakikisha kila mguu uko pale unapopaswa kuwa. Magurudumu, hata hivyo, aliyachora jinsi jicho linavyoyaona, spoki zimepotea katika ukungu. Matokeo yake ni kichekesho: gari linakwenda mbio, farasi wanaolivuta kama wameganda.

Mchongaji Auguste Rodin alilishika jambo hili vizuri kuliko wote. Katika mazungumzo yaliyochapishwa 1911 alimtetea Géricault: kamera ndiyo inayodanganya, alisema, kwani wakati hausimami kamwe, na msanii huunganisha nyakati kadhaa katika umbo moja. Namuunga mkono, ingawa ilibidi kamera ije kwanza ndipo utetezi huo uhitajike.

Mwaka 1912 Mwitaliano Giacomo Balla alichora mbwa aliyefungwa kamba, mwenye msururu wa miguu kama ya jongoo. Wazo hilo linaonyesha wazi deni lake kwa Étienne-Jules Marey, Mfaransa aliyepiga picha za hatua nyingi za mwendo kwenye bamba moja. Mwaka uliofuata Umberto Boccioni, msanii wa kundi moja na Balla, akatangaza kwamba picha za mwendo za mpiga picha Anton Giulio Bragaglia hazihusiani hata kidogo na uchoraji wao.