Nyigu mdogo anayelinda mihogo: mtambue kabla hujapuliza dawa

Msikilizaji, wakati wa kiangazi unaweza kukuta ncha za mihogo yako zimejikunja, majani yamebanana na kufunikwa na unga mweupe. Huyo ni kidung'ata wa mihogo. Hufyonza utomvu wa mmea, na kisamvu hukosekana. Lakini kabla hujatafuta dawa, angalia vizuri ndani ya unga huo. Huenda adui yake ameshaanza kazi: nyigu mweusi mwenye urefu wa milimita moja hivi, ambaye kitaalamu huitwa Anagyrus lopezi.

Ni wa kundi gani?

Nyigu huyu yumo katika oda ya Hymenoptera, pamoja na nyuki na siafu. Familia yake ni Encyrtidae, yenye maelfu ya aina za nyigu wadogo. Luis De Santis, mtaalamu wa wadudu wa Argentina, ndiye aliyempa jina mwaka 1964. Katika vitabu vya zamani anaitwa Apoanagyrus lopezi au Epidinocarsis lopezi. Mdudu ni yule yule. Wataalamu walimhamisha tu kutoka jenasi moja hadi nyingine.

Anafanyaje kazi?

Jike humtoboa kidung'ata na kutaga yai ndani yake. Buu likianguliwa humla kidung'ata kutoka ndani. Kidung'ata hufa, hukauka na kubaki ganda gumu la kahawia. Nyigu mpya hutoboa tundu la duara kwenye ganda hilo na kuruka. Hamuumi mtu wala haharibu mmea.

Kosa la utambuzi lililochelewesha msaada

Asili ya mhogo ni Amerika ya Kusini. Kidung'ata huyu naye alitoka huko, akaonekana Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha akaenea hadi Afrika Mashariki. Mwaka 1977 mtaalamu wa Ufaransa, Danièle Matile-Ferrero, alimpa jina Phenacoccus manihoti.

Watafiti walikwenda Amerika ya Kusini kutafuta maadui wake wa asili. Kaskazini mwa bara hilo walipata kidung'ata anayefanana naye sana, pamoja na nyigu wanaomshambulia. Nyigu hao walishindwa kuzaliana kwa kidung'ata wa Afrika. Uchunguzi ulionyesha kwamba hao ni vidung'ata wa spishi mbili tofauti. Wa Afrika ana rangi ya waridi, na wote ni majike wanaozaa bila dume. Yule mwingine ana rangi ya njano na ana madume.

Mwaka 1981 Anthony Bellotti alimpata kidung'ata halisi nchini Paraguay, na huko ndiko alikopatikana nyigu wetu. Nyigu walichunguzwa kwanza Uingereza, kisha wakaachiliwa Nigeria mwaka huo huo, na baadaye katika nchi nyingi za Afrika. Hans Herren wa Uswisi, aliyeongoza mpango huo, alipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Pia aliwahi kuongoza kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi.

Ufanye nini shambani?

Kata ncha yenye unga mweupe. Tafuta maganda ya kahawia, magumu, hasa yenye matundu ya duara. Ukiyaona, ujue kuna nyigu shambani. Unaweza pia kuweka ncha hiyo ndani ya chupa ya kioo na kuifunika kwa kitambaa chepesi. Baada ya siku kadhaa, nyigu wadogo weusi wanaweza kutokea.

Kuthibitisha spishi kunahitaji hadubini, maana mtaalamu hutazama papasi, mabawa na miguu. Lakini kwako maganda hayo yanatosha kukuonya usipulize dawa ya wadudu, kwa sababu itamuua nyigu pamoja na kidung'ata. Msimu ujao panda pingili safi zisizo na unga mweupe. Hali ikizidi kuwa mbaya, mpelekee afisa ugani chupa yako aone kilichomo.